Jasho la Binti wa Katuni

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza, na daftari hili nimelifungua kwa sababu mvua ikinyesha sina kazi. Studio yetu ni nyumba ya kupanga yenye paa la bati. Tumebandika trei za mayai ukutani na kuziba madirisha kwa magodoro, lakini bati halina dawa. Matone machache tu yakidondoka, kwenye kipaza sauti yanasikika kama mtu anapukuchua mahindi. Basi tunangoja. Fundi sauti anasinzia kitini, Chiriku anapiga soga, na mimi mfasiri naandika.

Kazi yetu ni hii: katuni inatoka ng'ambo, naitafsiri, Chiriku na wenzake wanaiingizia sauti, kituo kinairusha Jumamosi jioni. Binti shujaa wa katuni hii nimempa jina langu la siri, Mara-Moja, kwa kuwa hajapata kushindwa jambo. Leo nimemaliza sehemu ya tisa ya msimu huu. Asubuhi hajui hata kushika upanga. Kabla ya mchana amemshinda mwalimu wake, na mwalimu analia kwa furaha. Mimi nimefundisha shule miaka kumi na minane, na sijawahi kulia kwa furaha kabla ya mchana.

Jumanne, 4 Machi

Mvua kutwa. Hatukurekodi neno.

Alhamisi, 6 Machi

Jua kidogo, tukarekodi sehemu ya tisa. Chiriku ndiye sauti ya Mara-Moja, na sijui nani alimfuata mwenzake, maana kwa Chiriku nako kila kitu ni mteremko. Aliingia akitafuna karanga, ananitania kuhusu viatu vyangu.

"Umepitia ukurasa wa nne?" nikamuuliza.

"Nitaupitia humo humo, Mwalimu." Wote hapa wananiita Mwalimu, ingawa chaki niliiacha zamani.

Akasimama mbele ya kipaza sauti, akausoma mara moja, ukatoka. Kicheko mahali pa kicheko, pumzi mahali pa pumzi. Fundi sauti akanyanyua kidole gumba, nami nikatia alama ya vyema kwenye hati, kwa shingo upande.

Niseme lililopo. Nafasi hiyo ya sauti ya Mara-Moja niliitaka mimi, miaka mitatu iliyopita. Nilifanyiwa majaribio mara tatu, na kabla ya kila jaribio nilisoma mbele ya kioo wiki nzima. Chiriku alikuja siku ile kumsindikiza rafiki yake tu. Bosi akamwambia na yeye aseme mistari miwili, kwa kupoteza muda. Wa tatu haukuhitajika, nafasi ikawa yake.

Jumatatu, 10 Machi

Bosi amekuja na ujumbe wa watazamaji, ameuchapa kwenye karatasi. Wamechoka na Mara-Moja. Mmoja nimeunakili kwa sababu umenigusa:

"Mimi ni fundi viatu. Naangalia hiyo katuni na binti yangu. Kushona soli isiachie kumenichukua miaka miwili na vidole vyangu ni mashahidi. Huyo mtoto wenu anajifunza kila kitu kwa siku moja. Sasa binti yangu amejaribu kuendesha baiskeli, ameanguka mara mbili, kaiacha. Anasema yeye si wa aina ile. Mnatufundishia nini?"

Bosi alikuna kichwa. "Tufanyeje? Picha si zetu."

"Picha si zetu," nikasema, "lakini sauti ni zetu."

Nikamweleza. Mdomo wa katuni ukionekana, tunafungwa: ukifunguka tuseme, ukifungwa tunyamaze. Ila binti akigeuza mgongo, au akiwa mbali, au gizani, hakuna anayejua kama amesema. Hapo ninaweza kumtia chochote: mhemo, kilio, "nimeshindwa, ngoja nijaribu tena." Bosi akacheka, akanigonga bega. "Mpe jasho, Mwalimu. Mpe jasho mpaka lichuruzike."

Sikumbuki mara ya mwisho nilipotoka kazini na furaha kiasi hiki.

Ijumaa, 14 Machi

Sehemu ya kumi, anapanda mlima. Kila alipogeuza mgongo nikamwekea kuhema na mayowe. Aliteleza mara tatu ambazo waliomchora hawakujua. Ni kazi nzuri, najisifu mwenyewe kwa kuwa hapa hakuna mwingine.

Chiriku akaitoa yote kwa mkupuo mmoja. Mayowe yale niliyoyatungia siku nne, yeye dakika sita, akatoka kwenda kutafuta karanga zake. Niliudhika, na niliona haya kwamba nimeudhika.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Bati. Soga.

Alhamisi, 20 Machi

Watazamaji wamefurahi, wanasema binti ameanza kuwa mtu. Bosi anataka jasho zaidi.

Chiriku naye amebadilika. Hasalimii. Akiingia ananyanyua kidole gumba, anakaa pembeni na chupa yake ya maji ya moto, taulo shingoni kama bondia. Mvua ikinyesha hapigi tena soga. Nilimwambia, "Siku hizi tunasalimiwa kwa vidole?" Akatabasamu tu. Mwenye kusifiwa sana huvimba kichwa. Nimeona wanafunzi wa hivyo, wa kwanza darasani muhula wa kwanza, muhula wa pili hawamjui mwalimu.

Alhamisi, 27 Machi

Sehemu ya kumi na mbili. Nilimrudisha mara tatu kwenye mayowe ya mtoni. Nilitaka nione kama kuna kitu kinamshinda. Hakikuonekana. Fundi sauti alinitazama kwa pembe ya jicho.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Tuko nyuma kwa sehemu mbili na kituo kinatufokea.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika haya kwa mpangilio niliokuwa nikiwaagiza wanafunzi: kwanza kilichotokea, kisha maoni.

Sehemu ya kumi na nne ni ya kisima. Kwenye picha Mara-Moja anatumbukia kisimani, kioo kinakuwa cheusi sekunde arobaini, inalia filimbi, kisha tunamkuta ameketi ukingoni anakamua nywele. Ametokaje? Waliomchora hawakujisumbua. Sekunde arobaini za giza ni zawadi kwa mfasiri mwenye hasira. Asubuhi hii, kabla watu hawajafika, niliongeza ukurasa mzima: anaita, analia, anashika jiwe linamchomoka, anaanza upya, na kila mara ukelele.

Mvua ilikatika saa nne. Fundi sauti akachungulia mawingu. "Tuna saa moja. Ikizidi sana, na nusu."

Chiriku akaupokea ukurasa mpya. Aliusoma mpaka chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Akauliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, haya yote?"

"Yote."

"Hatuwezi kupunguza kidogo hapa katikati?"

"Watazamaji wanataka jasho."

"Haya," akasema.

Ile ya kwanza, nikiwa nyuma ya kioo, vinyweleo vilinisimama. Fundi sauti alivua hedfoni. "Hiyo imetoka. Tusiiguse."

Nami nikabonyeza kitufe cha kusemea ndani nikasema, "Turudie."

Kwa nini? Kwa sababu ilitoka mara moja, basi. Hakuna sababu nyingine na nisijitungie. Ya pili nikasema anajiamini mno. Ya tatu nikataka hofu zaidi. Ya nne nikasema filimbi imemfunika, na haikumfunika. Fundi sauti aliniambia kwa upole, "Mwalimu, ya kwanza ilikuwa safi." Nikamwambia yeye ashike mitambo, sauti aniachie mimi. Ya sita sikutoa sababu, nilisema "tena" tu. Ya saba macho yake yalikuwa mekundu, na nikawaza, sasa ndiyo anajifunza. Niliwaza hivyo hasa, kwa maneno hayo.

Katika ya tisa, katikati ya ukelele, sauti ilikatika kama redio iliyochomolewa kwenye umeme. Akafungua kinywa tena, ikatoka hewa. Akashika koo. Akanitazama kupitia kioo, na hakuwa na hasira. Alinitazama kama mwanafunzi anayetaka kujua amefaulu au la. Nami sikumjibu chochote.

Kisha mvua ikaanza kupiga bati na fundi sauti akasema, "Basi. Leo imetosha."

Maoni: sina.

Jumatano, 9 Aprili

Chiriku hakuja. Simu imepokelewa na mama yake, amesema wameenda hospitali.

Ijumaa, 11 Aprili

Bosi alitukusanya. Daktari wa koo ameona damu imevilia kwenye uzi mmoja wa sauti, na chini yake kuna vinundu vya siku nyingi. Ameamriwa asiseme wiki sita, hata kunong'ona. Alijua kuhusu vinundu tangu katikati ya Machi. Aliambiwa apunguze kusema nje ya kazi, ndiyo maana ya vidole gumba na chupa ya maji ya moto.

"Mbona hakuniambia?" nikauliza.

Fundi sauti akainuka akaenda kufuta vumbi kwenye mitambo ambayo haina vumbi.

Jumatatu, 14 Aprili

Sehemu ya kisima ilirushwa juzi. Leo nimemuuliza fundi sauti ametumia ipi kati ya zile tisa.

"Ya kwanza," akasema.

"Hukujaribu hata nyingine?"

"Nilizisikiliza zote, Mwalimu. Nilikaa nazo Ijumaa nzima. Nyingine zote anaumia tu."

Nilikwenda kukaa chooni mpaka nikasikia mtu anagonga.

Jumanne, 15 Aprili

Bosi ameniambia nishike nafasi ya Chiriku. Kituo hakingoji, na mimi ndiye ninayejua hati. Kile nilichokiombea miaka mitatu kimeniangukia kwa dakika mbili nikiwa nimeshika kikombe cha chai. Nikasema nitajaribu. Ningeweza kukataa, na neno la kukataa nilikuwa nalo mdomoni kabisa. Nalitazama hapa kwenye karatasi sasa, neno dogo la herufi sita: hapana.

Alhamisi, 17 Aprili

Mistari kumi na miwili. Imenichukua saa tatu. Fundi sauti hakunilaumu hata mara moja, akisema tu "tena, Mwalimu," kwa adabu ileile, mpaka nikatamani anitukane.

Alhamisi, 24 Aprili

Ujumbe wa watazamaji. Fundi viatu ameandika tena:

"Huyu mliyemweka sasa ni mwenyewe. Unasikia kabisa kwamba mambo yanamshinda. Yule wa kwanza alikuwa anapita tu. Binti yangu amerudi kwenye baiskeli. Ahsanteni."

Bosi aliusoma mbele ya wote, akapiga makofi. Mambo yananishinda kweli, kwa hiyo fundi viatu hakukosea. Ila kuhusu "yule wa kwanza alikuwa anapita tu," nilitaka nimwandikie. Nilianza barua mara mbili. Ningemwambia nini bila kujitaja?

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda kwao. Nilichelewa wiki tatu, na kila wiki nilikuwa na sababu yake, mvua ikiwa ya kwanza.

Ni vyumba viwili, safi, redio juu ya kabati, na kamba imefungwa kutoka kitandani mpaka mlangoni. Kamba ni ya mama. Mama yake haoni, mwaka wa sita huu. Sikujua. Nimefanya kazi na Chiriku miaka mitatu, nimesikia hadithi zake zote za majirani na mabasi, na hili sikujua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni Mwalimu. Nakusikia Jumamosi."

Chiriku alitoka ndani na ubao mdogo wa kuandikia na kufuta. Aliandika "Karibu" akavuta kiti. Akamgusa mama mkono, mguso mmoja. Mama akanieleza: mguso mmoja ni ndiyo, miwili ni hapana. "Ndiyo mazungumzo yetu siku hizi. Barua yake siwezi kuisoma, sauti hana. Naishi na mtu nisiyejua leo amefurahi au amenuna. Nyumba ilikuwa haiishi maneno hii."

Nikaitazama ile redio juu ya kabati.

"Na alikuwa akijitahidi," mama akaendelea. "Yule kijana wa mitambo alikuwa akimpa karatasi zenu kabla ya siku. Ananisomea zote, kila sauti, mara ishirini. Mimi ndiye msikilizaji. Nikimwambia rudia, anarudia mpaka niseme sasa. Ndipo anakwenda kurekodi."

Nikamgeukia Chiriku. "Uliniambia unapitia humo humo."

Akaandika, akafuta, akaandika tena. Nikasoma: "Ulikuwa unanitazama kama mtu anayengoja nianguke. Nisingekuonyesha ninapojikwaa."

Mama akauliza, "Amesema nini?" Sikumsomea. Nikasema, "Ananisalimia."

Chiriku akanitazama. Akamgusa mama mkono: miguso miwili.

Hapo ndipo niliona sina pa kujificha. Nilikuwa nimekuja kuungama, ila nilidhani tutakuwa wawili. Nikaomba ubao, nimwandikie, mama asisikie. Niliandika "Siku ile ya kisima" nikafika hapo tu. Chiriku akanichukulia kalamu mkononi, akaifunika. Kisha akanyoosha kidole kwenye mdomo wangu.

Nikasema, basi. Nilisema mbele ya mama. Kwamba ya kwanza ilikuwa safi na nilijua. Kwamba zile nane zote hazikuwa za watazamaji, zilikuwa zangu. Kwamba niliona macho mekundu nikafurahi. Kwamba nafasi ile niliitaka na sasa ninayo. Sauti yangu ilitetemeka, na najua haikuwa ya kuigiza, maana ya kuigiza huwa naikosea.

"Kile kipindi cha kisima," akasema, "nilikisikia. Majirani walisema mwanao anajua kuigiza. Mimi sina picha ya kunipumbaza. Nilisikia koo la mwanangu. Nikamwambia zima hiyo redio ya watu, akaizima."

"Ni televisheni, mama," nikasema, na mpaka sasa sijui kwa nini nilisema hivyo. Ualimu ni ugonjwa.

Nikangoja Chiriku aandike. Aliufuta ubao mpaka ukawa mweupe, akauweka mapajani, hakuandika kitu. Nilipoondoka mvua ilikuwa imeanza tena na sikukumbuka kwamba mwavuli nilikuwa nao.

Ijumaa, 9 Mei

Sehemu ya kumi na saba. Mara-Moja anajifunza lugha ya ndege. Nimefuta mayowe yote niliyokuwa nimeyaandika. Bosi ameuliza jasho liko wapi, nikamwambia ndege hawahitaji.

Jumatatu, 12 Mei

Nimemwambia bosi sitaki msimu ujao. Akasema nisiwe mtoto, na kwamba tusubiri daktari atasema nini.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua zinapungua. Bati limekuwa kimya siku nne, tumerekodi sehemu mbili. Kazi inakwenda upesi pasipo soga, na hakuna anayeipenda.

Jumamosi, 24 Mei

Leo jua limewaka kutwa. Wiki sita zimetimia juzi, na fundi sauti ameniambia habari za daktari: sauti imerudi, lakini si ile. Imeshuka. Ile ya juu, ya binti, haitarudi. Na hata hiyo iliyopo anaruhusiwa dakika tano tu kwa siku, mwezi mzima, kisha wataona.

Nilikwenda saa kumi. Njiani nilipanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba nafasi nimeikataa, ingawa kumwambia hivyo ni kama kumrudishia mtu sahani baada ya kula chakula. Ila zaidi ya yote nilitaka anijibu. Wiki tatu nimekaa na ule ubao mweupe. Anitukane, anisamehe, aseme "toka," lolote, ilimradi liwe kwa kinywa chake.

Nilipofika mlangoni nikasikia mtu anazungumza ndani. Sauti nzito kidogo, yenye mikwaruzo, ya mwanamke ambaye simjui. Ilikuwa inasimulia habari ya jirani aliyeanika godoro juu ya ukuta likaangukia uani kwa watu, na wenye ua wamekataa kulitoa. Mama alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, na ile sauti ikamwambia, "Ngoja basi nimalize, dakika zinaniishia." Nilisimama pale na mkono wangu hewani. Sikubisha. Nilisikiliza habari ya godoro mpaka mwisho, na ilikuwa habari nzuri.

Kukawa kimya. Nikabisha, Chiriku akafungua. Alikuwa bado na kicheko usoni, na aliponiona kikapungua kidogo lakini hakikuondoka chote.

"Nimekuja unijibu," nikasema. Nilikuwa nimepanga mengi, nikajikuta nimesema hilo tu.

Akachukua ubao. "Dakika za leo nimempa mama."

"Nitakuja kesho."

Akafuta kwa kiganja, akaandika: "Za kesho pia."

Kisha akainamia ubao akaongeza, kwa herufi nzuri, bila haraka: "Na za keshokutwa."

Nikasema sawa. Nikamtazama mama, aliyekuwa ameketi kitandani ameshika ile kamba, uso wake bado umechangamka, anangoja kujua nani yuko mlangoni. Niliwaaga wote wawili. Mama peke yake ndiye aliyeitikia.